Kinu kikubwa cha nyuklia, vinu vidogo, au gesi na jotoardhi: Tanzania ichague nini?

Mwishoni mwa Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mtambo wa majaribio wa kuchakata urani katika mradi wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma. Tangu hapo swali lililokuwa la wataalamu peke yao limekuwa la kila mtu: ikiwa urani tunayo, kwa nini tusijenge kinu cha nyuklia na kuusahau mgao wa umeme? Ni swali la haki, na halijibiwi kwa kumtisha anayeuliza kwa jina la ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, wala kwa kumsifia teknolojia ambayo hatujawahi kuiendesha. Linajibiwa kwa kuweka njia zilizopo kando kwa kando na kuuliza kila moja itatupa uniti ngapi, kwa fedha za nani, baada ya miaka mingapi, na kwa hatari ipi.

Sisi wa Arusha na Moshi tunalo jambo la ziada katika hesabu hiyo, kwa sababu tuko mwisho wa nyaya. Umeme mwingi wa nchi huzalishwa Rufiji, Dar es Salaam na kwenye mabwawa ya nyanda za kati na kusini, kisha husafiri mamia ya kilomita kabla ya kufika vituo vya kupozea umeme vya Njiro na Kiyungi. Matokeo yake unayaona saa za jioni katika karakana za mtaa wa Unga Limited jijini Arusha: taa hazijazimika, mita inaonyesha uniti zipo, lakini umeme ni mdogo, na fundi wa kuchomelea akigusisha kijiti kwenye bomba la geti kinanata badala ya kutoa cheche, anakivunja, anawasha tena, mwishowe anakaa kusubiri majirani wapunguze matumizi. Machi 2025, akiwa mkoani Kilimanjaro, Rais alieleza kuwa upotevu wa umeme unaosafirishwa kuja kaskazini unaigharimu nchi shilingi bilioni 32 kwa mwaka, na kwamba serikali inakusudia kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya kanda hii. Kwa hiyo mtu wa huku anapolinganisha vyanzo vya umeme hana budi kuuliza pia umeme huo utamfikiaje.

Kinu kimoja kinatoa nini hasa

Nianze na hoja yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa nyuklia, kwa maana wanaoipinga huirukia haraka mno. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Hata hivyo makadirio ya mradi wenyewe yalikuwa karibu uniti bilioni 6 kwa mwaka, si bilioni 18 ambazo zingepatikana kama mitambo yote ingezunguka mchana na usiku bila kupumzika, kwa sababu maji hayatoshi kufanya hivyo mwaka mzima. Kinu kimoja cha nyuklia cha megawati 1,000, kinachofanya kazi asilimia 90 ya muda kama vinavyofanya vinu vinavyoendeshwa vizuri, hutoa karibu uniti bilioni 7.9. Yaani kinu chenye chini ya nusu ya ukubwa wa bwawa, kwa hesabu ya megawati, kinalizidi kwa uniti za mwaka.

Tena kinu hakisubiri masika. Waliokuwa na biashara mwaka 2006 na 2011 wanakumbuka jinsi ukame ulivyoyashusha maji ya bwawa la Mtera na kuwageuza wauza jenereta kuwa matajiri. Kinu hubadilishiwa sehemu ya fueli yake kila baada ya miezi 12 hadi 24, na tani 25 hivi za fueli humtosha mwendeshaji wa megawati 1,000 kwa mwaka, ilhali mtambo wa makaa ya mawe wa ukubwa huo hula tani zinazohesabika kwa mamilioni. Hakitoi moshi. Umoja wa Falme za Kiarabu, nchi iliyokuwa ikitegemea gesi karibu kwa kila kitu, sasa hupata takriban robo ya umeme wake kutoka vinu vinne vya Barakah vyenye jumla ya megawati 5,600. Mtu akikuambia kuwa nyuklia haifanyi kazi jangwani au kwa nchi isiyokuwa na uzoefu, Barakah ni jibu tosha.

Gridi yetu inaweza kubeba kinu cha ukubwa gani

Hapa ndipo mjadala wetu mwingi unapopotea, na ndipo nitakapokaa muda mrefu zaidi.

Umeme wa gridi hutumiwa palepale unapozalishwa. Mizunguko yake inatakiwa ibaki 50 kwa sekunde, na mtambo mmoja unapozimika ghafla mizunguko hushuka hadi mitambo mingine iongeze nguvu. Ikishindwa kuongeza kwa haraka, vifaa vya kinga huanza kukata maeneo na mitambo mingine hujitoa ili isiharibike, mpaka nchi nzima inaingia gizani. Ni kama mkokoteni wenye mzigo unaosukumwa mlimani na watu kumi: mmoja akiteleza, tisa wataushikilia, lakini wakiwa wawili tu na mmoja akateleza, mkokoteni unarudi nyuma na kumkanyaga aliyebaki. Kwa sababu hiyo wahandisi wa gridi hufuata kanuni kwamba mtambo mmoja usizidi takriban sehemu moja ya kumi ya gridi unayoilisha.

Mahitaji ya juu kabisa ya gridi ya taifa kwa sasa yanazunguka megawati 1,900 hadi 2,000, ingawa uwezo wa mitambo iliyofungwa umeshapita megawati 4,000. Sehemu ya kumi ya mahitaji hayo ni megawati 200. Hata mtambo mmoja wa Bwawa la Nyerere, wenye megawati 235, umevuka kidogo kiwango hicho. Vinu vinavyouzwa zaidi duniani leo ni vya megawati 1,000 hadi 1,400. Kuunganisha kimoja kati ya hivyo kwenye gridi yetu ya sasa ni kukubali kwamba siku kikijizima, na kila kinu hujizima siku fulani kwa hitilafu ndogo tu kwa kuwa ndivyo kilivyoundwa ili kiwe salama, nusu ya umeme wa nchi itaondoka ndani ya sekunde moja.

Lipo na la pili, linalohusu usalama wenyewe. Kinu kilichozimwa huendelea kutoa joto kwa siku nyingi, na pampu za kupoza joto hilo zinahitaji umeme kutoka nje ya kinu. Kilichoviangamiza vinu vya Fukushima, Japani, mwaka 2011 hakikuwa tetemeko lenyewe: vinu vilijizima kama ilivyotakiwa, kisha umeme wa gridi ukakatika, tsunami ikafurika kwenye jenereta za dharura, na fueli ikayeyuka kwa kukosa kupozwa. Gridi inayozimika mara kwa mara inakilazimisha kinu kuegemea jenereta zake za dharura mara nyingi kuliko inavyopaswa. Kwa hiyo nyaya imara na vituo vizuri vya kupozea umeme ni sehemu ya usalama wa nyuklia, si mradi mwingine wa pembeni unaoweza kusubiri bajeti ijayo.

Sasa tazama upande wa pili wa hesabu hiyo, ambao unanipa matumaini. Mahitaji yakikua kwa asilimia 10 kila mwaka, huongezeka maradufu kwa takriban miaka saba. Megawati 2,000 za leo zingekuwa 4,000 katika miaka saba na 8,000 katika miaka kumi na minne hivi, na gridi ya megawati 8,000, iliyounganishwa kwa uthabiti na majirani, inaweza kuvumilia kinu cha megawati 800 au zaidi. Wakati huohuo Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, linazieleza nchi zinazoanza kwamba maandalizi na ujenzi huchukua miaka 10 hadi 15, kwa hatua tatu na mambo 19 ya kutimiza, kuanzia sheria na mdhibiti hadi mahali pa kuhifadhi mabaki. Muda ambao gridi inahitaji ili ikue na muda ambao nchi inahitaji ili ijiandae unakaribiana sana. Anayesema tununue sasa na anayesema tusifikirie kabisa, wote wawili hawajaiangalia hesabu hiyo.

Pakistan ilifuata ukubwa wa gridi yake kwa hatua. Kinu chake cha kwanza, cha Karachi, kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, kilikuwa cha megawati 137 tu. Cha Chashma, kilichofuata mwaka 2000, kilikuwa cha megawati 300 na kitu. Vya megawati 1,100 vilikuja 2021 na 2022. India nayo ilijenga vinu vya megawati 220 kwa miongo kadhaa kabla ya kufika vya 700, na sasa imejiwekea lengo la megawati 100,000 za nyuklia ifikapo 2047. Kwa bahati mbaya, vinu vya 137 na 220 si bidhaa ambayo mnunuzi wa leo huipata kwa urahisi sokoni, na hilo ndilo linalowafanya wengi wavitazame vinu vidogo vya kisasa.

Vinu vidogo: ahadi na bei

Vinu vidogo, vya megawati 300 kushuka chini, vinatakiwa vitengenezwe vipande vipande kiwandani na kuunganishwa kwenye eneo la mradi. Kwa gridi kama yetu ukubwa huo unafaa mno. Kinu cha megawati 100 kikizimika, Bwawa la Nyerere linaweza kuziba pengo kabla mwananchi hajajua.

Tatizo ni kwamba vilivyokwisha kujengwa ni vichache sana. Urusi ina meli ya Akademik Lomonosov, yenye vinu viwili vya megawati 35, inayouhudumia mji wa Pevek tangu mwishoni mwa 2019. China iliingiza kibiashara mtambo wa Shidao Bay wa megawati 200 hivi Desemba 2023, na ilianza kujenga kinu cha Linglong One cha megawati 125 mwaka 2021. Nchini Marekani mradi wa kampuni ya NuScale ulifutwa Novemba 2023 baada ya bei iliyotarajiwa kupanda kutoka dola 58 hadi dola 89 kwa megawati-saa, na miji iliyokuwa inunue umeme huo ikasita. Jimbo la Ontario nchini Kanada limeamua kuendelea: kinu cha kwanza kati ya vinne vya megawati 300 huko Darlington kimekadiriwa kugharimu dola za Kanada bilioni 6.1, bila kuhesabu miundombinu ya pamoja ya bilioni 1.6. Kwa kila megawati, hiyo si bei ya kitu rahisi.

Sipendi kuvidharau vinu vidogo kwa sababu ni vipya. Ontario ina mafundi waliozeeka kazini mwa nyuklia, ina mdhibiti mwenye heshima, na ina uwezo wa kubeba hasara ya kuwa wa kwanza. Tanzania haina sababu ya kuwa wa kwanza. Ikifika 2035 kukawa na vinu kumi vya aina moja vinavyofanya kazi na bei zake zimejulikana, tutanunua kwa kuona, na muuzaji hatakuwa na nafasi ya kutuuzia mchoro.

Nani atalipa, na lini

Misri inajenga vinu vinne vya megawati 1,200 huko El Dabaa, pwani ya Mediterania, na zege la kwanza lilimwagwa Julai 2022. Urusi imeikopesha dola bilioni 25, zinazogharamia asilimia 85 ya mradi, kwa riba ya asilimia 3, na marejesho yamepangwa kuchukua miaka 22. Ukigawa gharama yote kwa vinne, kila kinu ni zaidi ya dola bilioni 7. Kwa dola moja kuhesabiwa shilingi 2,500, hiyo ni zaidi ya shilingi trilioni 18 kwa kinu kimoja, wakati Bwawa la Nyerere lote lilikadiriwa kugharimu trilioni 6.5. Bangladesh nayo ilikubali mkataba wa dola bilioni 12.65 kwa vinu viwili vya Rooppur, asilimia 90 ikiwa mkopo wa Urusi.

Ukubwa wa deni ni nusu ya hatari; nusu nyingine ni ucheleweshaji, kwa sababu riba hailali. Kituo cha kinu kimoja cha Flamanville 3 nchini Ufaransa kilianza kujengwa Desemba 2007 kwa makadirio ya euro bilioni 3.3, kikaunganishwa na gridi Desemba 2024, na gharama za ujenzi zikafika takriban bilioni 13. Vinu viwili vya Vogtle huko Georgia, Marekani, vilichelewa miaka saba na gharama zake zikapita dola bilioni 30. Hizi ni nchi zilizokwisha kujenga makumi ya vinu. Barakah ilifanikiwa zaidi, lakini mnunuzi wake alikuwa na fedha za mafuta, na muuzaji, Korea Kusini, alikuwa amejenga kwao mfululizo bila kuwapoteza mafundi wake. Hata hivyo, kutoka mkataba wa Desemba 2009 hadi kinu cha nne kuanza kibiashara Septemba 2024 ni karibu miaka kumi na mitano.

Jambo moja limebadilika kwa faida yetu: Juni 2025 Benki ya Dunia iliamua kuondoa zuio lake la muda mrefu la kutofadhili nyuklia. Nchi inayokopa itakuwa na mlango zaidi ya mmoja wa kubisha, na haitalazimika kuchukua kinu, fueli, mkopo na wahandisi kutoka mkono mmoja. Kwa maoni yangu, mkataba ambamo muuzaji ndiye mkopeshaji, ndiye mleta fueli na ndiye mtunza mitambo kwa miaka 60 unapaswa kuchunguzwa na Bunge ukurasa kwa ukurasa, hata kama muuzaji ni rafiki wa siku nyingi.

Gesi na jotoardhi

Upande wa pili wa mizani ni vyanzo tunavyovijua au vilivyo chini ya miguu yetu. Serikali inakadiria gesi asilia yetu kuwa futi za ujazo trilioni 57, nyingi ikiwa chini ya bahari ya kina kirefu na bado haijaanza kuvunwa. Inayotoka Songo Songo na Mnazi Bay inaendesha mitambo ya Kinyerezi na Ubungo. Mtambo wa gesi hujengwa kwa miaka miwili au mitatu, hupandisha na kushusha nguvu kwa haraka, na mafundi wake tunao tayari. Una moshi, na kila uniti inakula gesi ambayo ingeweza kuuzwa au kutengeneza mbolea. Kwa mtu wa Moshi una kasoro nyingine pia, kwamba uko Dar es Salaam, na safari ya nyaya iko palepale.

Jotoardhi ndiyo inayonigusa zaidi. Bonde la Ufa linapita mlangoni kwetu. Kenya, kwenye bonde hilohilo, iliwasha mtambo wake wa kwanza wa Olkaria mwaka 1981 ukiwa na megawati 15 tu, na leo ina zaidi ya megawati 900 za jotoardhi zinazoipa zaidi ya theluthi moja ya umeme wake, usiku na mchana, mvua isinyeshe au inyeshe. Sisi tunakadiriwa kuwa na megawati 5,000 ardhini, tuna kampuni ya umma, TGDC, iliyoundwa kwa kazi hiyo, tuna maeneo yaliyotajwa kwa miaka mingi, Ngozi na Kiejo-Mbaka huko Mbeya na Natron mkoani Arusha, na bado hakuna hata megawati moja ya jotoardhi iliyoingia kwenye gridi yetu. Kisima kimoja cha kuchoronga hugharimu mamilioni ya dola na kinaweza kutoka kitupu, ndiyo maana wawekezaji binafsi husita na serikali hulazimika kutangulia. Natron nayo inadai uangalifu wake: ziwa hilo ndilo mazalia makuu ya heroe wadogo wa Afrika Mashariki, na bomba la mvuke haliwezi kupitishwa popote tu. Lakini fedha za kuchoronga visima kumi ni sehemu ndogo sana ya riba ya kinu kimoja, na kisima kikikosa mvuke hasara yake inakwisha siku hiyohiyo.

Jua na upepo vinafaa kuongezwa, na mradi wa Kishapu mkoani Shinyanga ni mwanzo mzuri, ila jioni fundi wa Unga Limited anapowasha mashine jua limeshazama. Makapi ya miwa yanakiendesha kiwanda cha sukari cha TPC kusini mwa Moshi na ziada huuzwa kwa TANESCO. Ni jambo jema lenye kipimo chake.

Mahali, mabaki na urani yetu wenyewe

Wapo wanaouliza kama kinu kingeweza kujengwa huku kaskazini ili kipunguze upotevu wa njiani. Jibu langu ni hapana. Kinu cha megawati 1,000 kinachopozwa kwa minara huyeyusha takriban meta za ujazo 50,000 za maji kila siku, na bonde la Mto Pangani tayari linagombaniwa na wakulima wa Lower Moshi, wafugaji, miji na bwawa la Nyumba ya Mungu. Zaidi ya hapo, mwaka 2007 ardhi ya milima ya Gelai na Ol Doinyo Lengai ilitetemeka kwa wiki kadhaa, kisha volkano ya Ol Doinyo Lengai ikalipuka. Bonde linalotupa jotoardhi ndilo linalotunyima uwanja wa kinu. Mahali pake ni pwani, penye maji ya bahari na mbali na ufa, na hiyo inaturudisha tena kwenye nyaya.

Mabaki ni mzigo wa kweli, ila ni mdogo kwa ujazo: tani ishirini na kitu za fueli iliyotumika kwa mwaka, zinazokaa majini miaka kadhaa kisha kuhamishiwa kwenye makasha ya chuma na zege. Ufini imechimba hifadhi ya kudumu ndani ya mwamba huko Onkalo. Bangladesh ilikubaliana na Urusi fueli iliyotumika irudishwe Urusi, na mnunuzi yeyote mdogo angepaswa kudai sharti hilo kabla ya mambo mengine yote.

Urani ya Mkuju, kwa upande wake, haitupi fueli. Kinachotoka Namtumbo ni unga wa njano wa urani, ambao lazima ugeuzwe kuwa gesi, urutubishwe hadi asilimia 3 au 5, kisha utengenezwe vidonge na vijiti, na kazi hizo zinafanywa na nchi chache chini ya ulinzi mkali wa kimataifa. Mradi wenyewe uko mikononi mwa kampuni ya kundi la Rosatom, shirika la nyuklia la serikali ya Urusi. Utatuletea mrabaha na ajira, ambavyo ni vitu vizuri, lakini Umoja wa Falme za Kiarabu haukuwa na mgodi wa urani ulipojenga Barakah, na Namibia, mmoja wa wachimbaji wakubwa wa urani duniani, haina kinu hata kimoja cha umeme. Afrika nzima ina kituo kimoja kinachozalisha umeme wa nyuklia, Koeberg nchini Afrika Kusini, kilichoanza mwaka 1984.

Tuchague nini sasa

Ningekuwa na kura, ningeiweka kwenye jotoardhi na nyaya za kilovolti 400 kwa muongo huu, gesi ikijaza pengo, na nyuklia ikaandaliwa kwa dhati bila kusaini ununuzi. Maandalizi hayo yana anuani, na anuani mojawapo iko Arusha. Maabara za Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, ziko Njiro. Humo hupimwa sampuli za chakula kinachovuka Namanga na bandarini, na beji ambazo wahudumu wa eksirei huvaa kifuani ili kujua wamepokea mionzi kiasi gani. Ni watu wanaoijua mionzi kwa kuishika kila siku. Ila sheria namba 7 ya mwaka 2003 iliyoiunda Tume inaipa kazi mbili kwa pamoja, kudhibiti mionzi na kuhamasisha matumizi ya teknolojia ya nyuklia, na kwa nchi inayotaka kinu cha umeme kazi hizo zinapaswa kutenganishwa, ili anayekagua asiwe ndiye anayetangaza. Kenya ilishazitenga kwa sheria zake za mwaka 2019. Kutenganisha taasisi, kusomesha wahandisi mia kadhaa na kupima maeneo ya pwani kwa miaka mitatu au minne ni gharama ndogo, na hata tusipojenga kinu, mdhibiti imara ataendelea kulinda hospitali zetu, migodi na mpaka.

Na ipo njia ambayo haihitaji kinu chetu. Mwishoni mwa 2024 njia ya kilovolti 400 kutoka Singida kupitia Lemugur, nje kidogo ya Arusha, hadi Namanga na Isinya iliunganishwa, urefu wake ukizidi kilomita 500, na gridi zetu na za Kenya sasa ni ndugu. Kenya imekuwa ikipanga kinu chake cha kwanza kwa miaka ya 2030. Wananchi wa Uyombo, Kilifi, walikikataa kwa maandamano mwaka 2024, na macho yakahamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Kikijengwa, uniti zake zinaweza kufika Arusha kabla ya uniti za kinu chochote cha pwani ya Tanzania. Mkataba wa kuuziana umeme unapoandikwa, TANESCO na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, wahakikishe umetaja mambo matatu kwa maneno yasiyo na utata: bei ya uniti ikipimwa Namanga, nani anamlipa nani kinu kinapojizima ghafla na kuiyumbisha gridi yetu, na kwa muda gani tutapewa taarifa kabla ya kinu kufungwa kwa ajili ya kubadilishiwa fueli.